Mtoto anasema yuko sawa, mama anasema hayuko sawa: tuandike alama ya nani?

Swali: "Nafanya kazi ya fiziotherapia katika kitengo kinachowafuatilia watoto walioumia ubongo kwa ajali. Hivi karibuni tumeanza kuwapa dodoso la ubora wa maisha la PedsQL, wao na wazazi wao. Mvulana wa miaka 9, miezi sita baada ya ajali, amejipa 83. Mama yake amempa 57. Kwenye faili tuandike ipi? Wenzangu wanashauri tuchukue wastani. Na mtoto asiyeweza kusema tunampimaje?"

Jibu:

Andikeni zote mbili, kila moja kwenye safu yake, na msichukue wastani. Hiyo 70 mtakayoipata haimhusu mtu yeyote: mtoto hakujisikia 70, na mama hakuona 70. Tena inafuta habari ambayo pengine ndiyo yenye thamani kuliko zote mlizopata siku hiyo, kwamba watu wawili wanaolala nyumba moja wanaona maisha mawili tofauti. Pengo la alama 26 lenyewe ni matokeo ya kipimo. Linatakiwa lisomwe.

Lakini kabla ya kulitafutia sababu nyumbani kwao, hakikisheni halikuzaliwa kwenye hesabu. Makosa ya hesabu katika dodoso hili ni mengi kuliko watu wanavyokiri.

PedsQL 4.0 kwa mtoto wa miaka 8 hadi 12 ina maswali 23: mwili maswali 8, hisia 5, mahusiano na wenzake 5, shule 5. Kila swali linauliza shida fulani ilitokea mara ngapi katika mwezi uliopita, na jibu ni 0 hadi 4, ambapo 0 ni kutotokea hata mara moja na 4 ni karibu kila mara. Kisha majibu hugeuzwa: 0 inakuwa 100, 1 inakuwa 75, 2 inakuwa 50, 3 inakuwa 25, na 4 inakuwa 0. Alama kubwa ni maisha bora. Anayesahau kugeuza baadhi ya maswali hupata namba inayoonekana ya kawaida kabisa, na hakuna atakayeshtuka.

Tuchukue majibu ambayo yangemfikisha mama kwenye 57. Sehemu ya mwili: 0, 1, 1, 2, 0, 0, 3, 3. Yakigeuzwa, jumla ni 550. Gawanya kwa 8, unapata 68.75. Hisia: 1, 2, 3, 1, 2, jumla 275, yaani 55. Mahusiano: 1, 2, 2, 3, na swali la mwisho ameliacha wazi, jumla 200, na hapa unagawanya kwa 4, si kwa 5, unapata 50. Shule: 3, 3, 2, 1, 2, jumla 225, yaani 45. Alama ya jumla ni 1250 kwa maswali 22 yaliyojibiwa: 56.8.

Angalieni mahali pawili. Kwanza, swali lililoachwa wazi halihesabiwi kuwa sifuri. Likiandikwa sifuri kabla ya kugeuza, mama ataonekana amesema hakuna shida kabisa. Likiandikwa sifuri baada ya kugeuza, ataonekana amesema hali ni mbaya kupita zote. Sehemu ambayo zaidi ya nusu ya maswali yake hayakujibiwa haipewi alama. Pili, alama ya jumla haitokani na wastani wa sehemu nne. Mkijumlisha 68.75, 55, 50 na 45 kisha mkagawanya kwa nne mtapata 54.7, kwa sababu sehemu ya mwili yenye maswali 8 imepewa uzito sawa na zenye 5. Alama ya kisaikolojia na kijamii nayo hutokana na maswali ya hisia, mahusiano na shule yakihesabiwa moja moja: hapa 700 kwa maswali 14, yaani 50.

Sasa rudini kwenye majibu yenyewe, maana alama ya jumla ni kifuniko cha chungu tu. Katika sehemu ya mwili mama ametoa 3 mara mbili, na maswali hayo mawili ya mwisho ni la maumivu na la kukosa nguvu. Mtoto huyu anatembea na kukimbia. Kinachomsumbua, kwa macho ya mama, ni kuumwa na kuchoka. Mtaalamu wa viungo akitazama 68.75 peke yake anaweza kupanga mazoezi ya miguu kwa mtoto ambaye tatizo lake ni kichwa kinachouma na mwili unaoishiwa nguvu mapema. Uchovu baada ya jeraha la ubongo unastahili kupimwa peke yake: PedsQL ina dodoso la ziada la maswali 18 linalotenganisha uchovu wa jumla, usingizi na mapumziko, na uchovu wa akili. Kama mna muda wa kuongeza dodoso moja tu, ongezeni hilo.

Katika shule, 3 mbili ni za kukaza akili darasani na kusahau. Swali la nne na la tano yanahusu kukosa shule kwa kuumwa na kukosa shule kwa kwenda hospitali. Mtoto anayeitwa kliniki kila wiki atashuka alama hapo hata kama akili yake imepona vizuri, kwa hiyo ratiba yenu wenyewe imo ndani ya kipimo. Na kama mwezi uliopita wote ulikuwa wa likizo, sehemu ya shule haina maana. Andikeni hivyo pembeni badala ya kumlazimisha mtu kubuni majibu.

Katika hisia, 3 ni ya hasira. Hasira baada ya jeraha la ubongo ina vyanzo vingi, ila kipo kimoja kinachosahaulika na ambacho daktari anaweza kukirekebisha: dawa za kuzuia degedege. Levetiracetam inajulikana kwa kuwafanya baadhi ya watoto wawe wepesi wa kukasirika, na fenobabitoni nayo huvuruga tabia na umakini. Msiiguse dozi, lakini mwambieni daktari.

Tukishajua hesabu ni sahihi, tuje kwenye pengo.

Mtoto anaweza kujipa alama za juu kwa sababu jeraha limegusa sehemu za mbele za ubongo, zile zinazomwezesha mtu kujitazama. Haoni upungufu wake, na hilo si uongo wala ubishi. Anaweza pia kuwa ameshaizoea hali yake na kubadilisha kipimo cha ndani: aliyelala kitandani wiki nne na sasa anacheza uani ana haki ya kusema maisha ni mazuri. Au anamlinda mama yake, hasa kama mama alikaa kando yake akisikiliza majibu. Mama naye anaweza kutoa alama za chini kwa sababu halali usingizi, ana kiwewe cha ajali ile, na kila siku anamlinganisha mtoto huyu na yule wa kabla ya ajali, ambaye kumbukumbu imemng'arisha kuliko alivyokuwa. Lakini pia huenda anaona vitu ambavyo mtoto havioni.

Namna ya kutenganisha haya ni kuweka madodoso mawili bega kwa bega na kutafuta maswali ambayo majibu yametofautiana kwa hatua mbili au zaidi. Kwa kila swali la aina hiyo, muulizeni kila mmoja peke yake: "Nipe mfano mmoja wa wiki iliyopita." Pengo likiwa kwenye kusahau na umakini, na mama akatoa mifano dhahiri huku mtoto akikosa, elekeeni kwenye upungufu wa kujitambua na mpelekeni kwa mwanasaikolojia apimwe kumbukumbu na umakini kwa majaribio. Mwalimu pia aulizwe. Yeye ni shahidi wa tatu ambaye hakuwa na hofu usiku wa ajali. Pengo likiwa kwenye huzuni, woga au kutaniwa na wenzake, mpeni mtoto uzito zaidi. Wazazi na watoto hupatana vizuri zaidi kwenye mambo yanayoonekana, kama kutembea, kuliko yanayokaa moyoni. Na kama mama yuko chini karibu kila swali bila mpangilio, basi mpimeni mama: kuna dodoso la PedsQL la maswali 36 linalohusu athari kwa familia, na mzigo wa mlezi ni jambo la kutibiwa, si kasoro ya kipimo.

Kwa mwongozo wa lini muinue bendera ya tahadhari, uchunguzi wa watoto wa California uliochapishwa mwaka 2003 uliweka mpaka wa 69.7 kwa alama ya mtoto na 65.4 kwa alama ya mzazi, yaani mkengeuko sanifu mmoja (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika) chini ya wastani wa watoto wale. Mvulana wenu yuko juu ya mpaka kwa maneno yake na chini ya mpaka kwa maneno ya mama. Hiyo inatosha kumwita kwa uchunguzi zaidi. Haitoshi kuandika kwamba ana maisha duni, kwa sababu watoto wale si watoto wenu.

Namna ya kuuliza inabadilisha majibu kuliko wengi wanavyodhani. Mtoto na mzazi wajibu kwa wakati mmoja lakini sehemu tofauti, na mtoto asijibu baada ya mazoezi au vipimo vilivyomchosha. Ingawa mtoto wa miaka 8 na zaidi anatarajiwa kujisomea, aliyeumia ubongo asomewe, mkiwa na karatasi kubwa yenye majibu matano mbele yake ili anyooshe kidole. Anzeni na maswali mawili ya majaribio ambayo majibu yake mnayajua. Akishindwa kutofautisha majibu matano, toleo la miaka 5 hadi 7 lina majibu matatu yenye picha za nyuso. Mnaweza kulitumia, ila andikeni wazi kwamba ni toleo la umri mwingine, na msilinganishe alama hiyo na ile ya majibu matano kana kwamba ni kitu kimoja. Mtoto anayetoa jibu lilelile kwa maswali 23 hajajibu. Amechoka au hajaelewa.

"Mwezi uliopita" ni mzigo kwa kumbukumbu iliyojeruhiwa. Ufungeni kwenye tukio: "tangu ulipotolewa nyuzi", "tangu shule ilipofunguliwa". Kuna toleo linalouliza siku 7 zilizopita, na katika majuma ya mwanzo lina mantiki zaidi, lakini mkianza nalo endeleeni nalo. Mtoto ambaye bado hajaanza kukumbuka mambo ya siku kwa siku asiulizwe kabisa. Majibu yake hayatakuwa kipimo cha kitu chochote.

Na msibadilishe maneno kiholela mnaposoma. Muulizaji akigeuza swali likawa la kukanusha, "Huna shida ya kulala?", mtoto akajibu "Ndiyo", amekubaliana nanyi kwamba hana shida, lakini anayejaza fomu haraka ataandika kinyume. Kwenye majibu nako, neno "kamwe" linadai kitenzi cha kukanusha, na "karibu kamwe" mtoto hulisikia bila kujua ni kidogo au ni mara nyingi. Swali la kwanza la sehemu ya mwili katika Kiingereza cha asili linataja umbali wa kutoka njia panda moja ya mji hadi nyingine. Likiitwa "mtaa", mtoto mmoja atafikiria hatua mia na mwingine safari ya nusu saa. Ndiyo maana tafsiri haifanywi mezani jioni moja. Ombeni kwanza toleo lililopo kupitia Mapi Research Trust, wanaosambaza dodoso hili kwa niaba ya mwenye haki. Pasipokuwa na toleo linalofaa, njia yake inajulikana: watafsiri wawili wanaofanya kazi mbalimbali, kuoanisha, mtu wa tatu ambaye hajaona asili kurudisha Kiingereza, kisha kukaa na watoto na wazazi kuwauliza kila swali wamelielewaje.

Mtakapompima tena, jihadharini na namba ndogo. Inajulikana kwamba badiliko la alama 4.4 kwa mtoto na 4.5 kwa mzazi ndilo dogo kabisa lenye maana, na watu hulitumia kwa mtoto mmoja mmoja. Kwa mtoto mmoja kosa la kipimo ni kubwa zaidi. Chukulieni mkengeuko sanifu wa 15 na uthabiti wa dodoso wa 0.88: kosa sanifu ni 15 mara kipeuo cha pili cha 0.12 (yaani 1 toa 0.88), yaani 5.2, na ili muwe na hakika ya asilimia 95 kwamba mtoto amebadilika kweli, alama inatakiwa isogee kwa takriban 14. Mvulana akitoka 83 kwenda 78 bado hamjui lolote. Akienda 66, kaeni naye. Tena hakikisheni anayejibu ni mzazi yuleyule. Baba akija badala ya mama, badiliko la alama 10 huenda ni badiliko la mjibu. Vivyo hivyo mtoto akifika miaka 13 na kuhamia toleo la vijana, andikeni kwenye rekodi siku hiyo kwamba toleo limebadilika.

Mnapaswa pia kujua alianzia wapi. Wengi wa watoto wanaoumia walikuwa na maisha yenye matatizo yao kabla ya ajali, yakiwemo ya umakini na masomo. Mzazi aulizwe mapema iwezekanavyo, katika siku za kwanza hospitalini, kuhusu mwezi mmoja kabla ya kuumia. Mkichelewa miezi, zamani itakuwa imepambwa. Kisha pimeni miezi 3, 6 na 12, na baada ya hapo kila mwaka na kila anapopanda ngazi ya shule. Msifunge faili kwa sababu mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri: sehemu za ubongo za kupanga, kujizuia na kupima mambo hudaiwa kazi kubwa zaidi kadiri mtoto anavyokua, na pengo ambalo halikuonekana akiwa na miaka 9 laweza kufunguka akiwa na 13. Kama kitengo kinataka kujua ni kiasi gani kinatokana na ubongo hasa, walinganisheni na watoto waliovunjika mkono au mguu bila kuumia kichwa. Nao walipata ajali, walilazwa, walikosa shule. Kilichozidi hapo ndicho cha ubongo.

Kuhusu dodoso lenyewe, PedsQL ni la watoto wote, na linauliza zaidi shida kuliko kuridhika. Kwa miaka 8 hadi 17 kuna QOLIBRI-KIDDY/ADO, lililotengenezwa kwa watoto walioumia ubongo: maswali 35 katika maeneo sita, likiwemo la fikra na kumbukumbu, la kujiona, na la uhuru katika shughuli za kila siku. Linamuuliza mtoto anaridhika kiasi gani na anasumbuliwa kiasi gani. Ningelipendelea pale toleo lake linapopatikana kwa lugha ya mtoto, pamoja na PedsQL kwa ajili ya kulinganisha na watoto wengine. GOS-E Peds na KOSCHI msizihesabu humu. Hizo zinapima kiwango cha ulemavu kwa macho ya mtaalamu. Mtoto mwenye ulemavu mkubwa anaweza kuwa na maisha anayoyapenda, na aliyepata mtikisiko mdogo wa ubongo akawa na mwaka mbaya.

Mwisho, wasioweza kusema. Kutosema si kutojibu. Kabla ya kumkabidhi mzazi kalamu, tafuteni ishara moja ambayo mtoto anaimudu, kufumba macho, kuinua kidole, kutazama kadi ya kushoto au ya kulia, kisha mpimeni kama inaaminika: maswali sita ya mambo anayoyajua, matatu jibu lake ndiyo na matatu hapana, yakichanganywa, na rudieni siku nyingine. Akipata yote sita mara zote mbili, ana sauti. Mpeni maswali machache kwa kikao kimoja, mgawe dodoso siku mbili au tatu mfululizo, na mruhusu ishara ya tatu ya "sijui". Asipofikia hapo, mzazi atajibu, na jina la aliyejibu liandikwe kwenye kila ukurasa. Kwa hao PedsQL huishia chini kabisa kwenye sehemu ya mwili, ikakaa pale hata mtoto akipata nafuu anayoiona kila mtu nyumbani. CPCHILD, yenye maswali 37, ilitungwa kwa watoto wenye ulemavu mkubwa, hasa wa kupooza kwa ubongo, na inauliza mambo kama kuvishwa, kuhamishwa kitandani, na kama anaumia anapobadilishwa. Pamoja nayo, mwombeni mlezi ataje vitu vitatu vinavyomfanya mtoto atulie au atabasamu na vitatu vinavyomfanya alie au akaze mwili, na kila mkikutana hesabuni vilitokea mara ngapi katika siku 7.